Umenunua sabufa na ngoma bado inanguruma ovyo? Iunganishe hivi

Mazee, umejikaza ukanunua sabufa ya kusaidia zile spika zako mbili, ukafika keja, na ngoma inatoka kama matatu mbovu ikipanda mlima. Usikimbie kuirudisha. Mara nyingi noma si sabufa, ni vile imeungwa.

Hapa tunaongea kuhusu sabufa iko na amplifaya yake ndani, ile unachomeka kwa stima yenyewe. Kabla uguse waya wowote, zima kila kitu na uchomoe kwa soketi.

Cheki nyuma ya amplifaya

1. Kuna tundu limeandikwa SUB OUT ama PRE OUT? Uko fiti. Toa waya wa RCA hapo, uingize LINE IN ya sabufa. Usichanganye na REC OUT: hiyo haifuati volyumu, kwa hivyo ukipunguza muziki, besi itabaki ikidunda tu.

2. Hakuna? Tulia. Sabufa nyingi ziko na mahali pa nyaya za spika, HIGH LEVEL. Toa nyaya za kushoto na kulia palepale spika zimeshikwa kwa amplifaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika usizitoe. Sabufa itakula nguvu kidogo sana ya amplifaya.

Chenye hufai kufanya kabisa ni kutoa waya wa spika kwa amplifaya na kuuingiza kwa LINE IN. Hapo unaweza choma kitu, na fundi wa Luthuli Avenue ale doh yako.

Sasa ipange

Anza na krosova kwa Hz 80. Spika zikiwa kubwa, shuka hadi 60. Volyumu ya sabufa ianze chini, uipandishe polepole. Kaa mahali huwa unakaa, msee abonyeze PHASE kati ya 0 na 180. Chagua penye besi imejaa.

Kona huongeza besi, lakini inaweza kuivuruga. Ujanja ni huu: weka sabufa kwa kiti chako, cheza ngoma yenye gita la besi, halafu utambae sakafuni ukisikiza. Penye gita linasikika safi, hapo ndipo makao yake.

Utajuaje umeweza? Izime. Muziki ukikonda ghafla, na ikiwaka huwezi jua besi inatoka wapi, umepatia. Lakini kama jirani ndiye wa kwanza kujua umewasha, punguza. Besi hupenya ukuta kuliko sauti zingine, na keateka hataki kusikia mambo ya Hz.