Nataka Kuwa Daktari: Nichague Chuo Kikuu Gani?

Mtahiniwa, kila mwaka ninapouliza darasani nani anataka kuwa daktari, mikono mingi hunyanyuka. Nikiuliza, "Utasoma wapi?" jibu huwa moja: Muhimbili. Nikiuliza kwa nini, darasa linanyamaza. Muhimbili ni chuo kizuri, lakini jina pekee si sababu ya kutosha. Makala haya yanakuonyesha jinsi ya kuchagua. Soma ukiwa na kalamu, kwa sababu uchaguzi huu hauanzi kidato cha sita. Unaanza mwaka huu.

1. Milango miwili ya kuingilia

Mlango wa kwanza ni kidato cha tano na sita kwa tahasusi ya PCB. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inataka mwombaji wa shahada ya udaktari awe amefaulu kwa alama kuu Fizikia, Kemia na Biolojia. Alama hizo zina pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kumbuka kwamba kufikisha kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba tu. Mwenye D tatu ana pointi 6, mwenye B tatu ana pointi 12. Wakiomba chuo kimoja chenye nafasi chache, unajua nani ataitwa.

Mlango wa pili ni stashahada ya utabibu, ambayo huchukua miaka mitatu. Unaweza kuianza baada ya kidato cha nne ukiwa umefaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ukimaliza kwa wastani wa B au GPA ya 3.0, unaweza kuomba shahada ya udaktari. Lakini vyuo vitarudi kuangalia cheti chako cha kidato cha nne. Vitataka angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Hapo ndipo wengi hukwama. Namfahamu kijana mmoja wa pwani yetu, tabibu anayependwa na wagonjwa wake, ambaye alirudi kufanya mtihani wa Hisabati akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na tayari ana mke na mtoto. Kidato cha nne alikuwa ameamua kwamba Hisabati haimhusu. D inaanzia alama 30 tu. Usiiache.

2. Vyuo viko wapi?

Kutoka Kilwa au Lindi, vyuo vya udaktari viko mbali. Hivi ni baadhi yake:

- MUHAS, Upanga, Dar es Salaam: cha umma. Mafunzo yake yalianza mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Wanafunzi hujifunzia Hospitali ya Taifa Muhimbili.
- Chuo Kikuu cha Dodoma: cha umma, kilianzishwa mwaka 2007.
- Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia chuo chake cha afya kilichopo Mbeya: cha umma.
- Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA): cha umma.
- KCMC, Moshi: cha Kanisa la Kilutheri, pamoja na hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971.
- Bugando, Mwanza: cha Kanisa Katoliki, nacho kiko kwenye hospitali ya rufaa ya kanda.
- Mtakatifu Fransisko, Ifakara: cha Kanisa Katoliki.
- Hubert Kairuki, Mikocheni, Dar es Salaam: cha binafsi.

Vyuo vya dini hupokea wanafunzi wa dini zote. Usikiache chuo kwa sababu hiyo.

3. Maswali manne ya kukipima chuo

(a) Je, kinatambuliwa? Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya usajili kamili. Kwa Tanzania Bara, anayesajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Chuo kisichotambuliwa kinaweza kukupa joho na picha nzuri ya mahafali bila kukupa kazi. Wakala akikuahidi chuo cha nje ya nchi, kwanza uliza TCU.

(b) Wagonjwa utawaona wapi? Miaka ya mwisho husomwa zaidi wadini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Uliza chuo kinatumia hospitali gani na wanafunzi wangapi huzunguka kitanda kimoja.

(c) Nani atalipa, na lini? Ada ya chuo binafsi huweza kuwa mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma. Bodi ya Mikopo hukopesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili, lakini mkopo unaweza usifikie ada yote. Piga hesabu ya miaka mitano, si ya muhula mmoja. Kwetu pesa ya ufuta huingia katikati ya mwaka, na vyuo hufunguliwa kuanzia Oktoba. Familia isipopanga mapema, pesa huwa imekwisha kabla ya siku ya kusajiliwa.

(d) Utaishi vipi? Kuwa na shangazi Mbagala ni msaada, lakini foleni ya kwenda Upanga alfajiri hula muda wa kusoma. Mwanza nauli ni kubwa, hivyo huenda usirudi nyumbani kila likizo. Haya ni mambo ya kuzungumza na wazazi sasa.

Chuo bora kwako ni kile kinachotambuliwa, unachoweza kuingia, kukilipia na kukimaliza. Maombi hutumwa kwa kila chuo moja kwa moja, kwa hiyo omba zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa na viwili, utathibitisha kimoja tu.

4. Fanya haya mwaka huu

- Weka PCB mwanzoni kwenye Selform. Matokeo yakitoka, hufunguliwa muda wa kubadilisha, usiupitwe.
- Lenga C au zaidi katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Hisabati na Kiingereza usishuke chini ya D.
- Tafuta cheti cha kuzaliwa cha RITA. Hakikisha majina yanafanana na ya shule herufi kwa herufi. "Mohamedi" na "Mohamed" yanaweza kukuchelewesha kupata mkopo. Kama mzazi amefariki, tafuta pia cheti cha kifo.
- Nenda hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, au Sokoine pale Lindi. Muulize daktari alisoma wapi, nani alimlipia na angebadilisha nini. Dakika kumi zake zina faida kuliko uvumi wa mwezi mzima.

Maswali ya kujipima

1. Taja masomo matano ya kidato cha nne ambayo tabibu anayeomba shahada ya udaktari lazima awe na angalau D.
2. Rehema amechaguliwa chuo cha umma Dodoma na chuo binafsi Dar es Salaam, anakoishi mjomba wake. Tumia maswali (a) hadi (d) kumshauri.
3. Andika vyuo vitatu utakavyoomba. Mbele ya kila kimoja toa sababu mbili ambazo si jina lake.