Mkeka wa Maua na Hesabu ya Mtaji

Wasomaji wengi wa pwani waijua Meru na Embu kwa majani: miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere, vishukavyo Mombasa kwa magari ya mbio. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga muguka marufuku Mombasa, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Lakini liko jambo jingine, huko bara na huku kwetu, lisilohitaji gari, maana husafiri ndani ya simu. Nalo ni mkeka.

Mkeka huu si wa kuswalia. Ni orodha ya mechi alizozichagua mcheza kamari ya mpira. Moja ikikosea, mkeka wote umechanika.

Pale Maua mchezo huu umepata ardhi yenye rutuba, na sababu yake ni ya kibiashara. Mkulima wa chai hulipwa kwa mwezi, na bonasi humfikia mara moja kwa mwaka. Mchumaji wa miraa akishuka mtini asubuhi, huenda akashika pesa zake kabla ya adhuhuri, na mechi haikosekani jioni.

Nilizungumza hapo na mchumaji mmoja, kijana mpole, akanifungulia daftari lake. Alianza na mtaji wa shilingi 5,000, na kila mara huweka shilingi 100 tu, yaani mbili katika mia. Hakopi, wala hafukuzii pesa iliyopotea. "Mzee," akaniambia, "hii ni biashara kama nyingine. Anayeliwa ni yule asiyeandika." Wallahi nilimhusudu. Wako wenye maduka kwetu wasioweka hesabu safi namna ile.

Basi tukakaa tukapiga hesabu. Tuseme kampuni inatoa 2.50 kwa timu ya nyumbani, 3.10 kwa sare, na 2.70 kwa wageni. Mtu atakaye kupata shilingi 1,000 kwa vyovyote vile, atalipa 400 kwa matokeo ya kwanza, karibu 323 kwa ya pili, na 370 kwa ya tatu. Jumla 1,093. Amenunua elfu moja kwa elfu moja na tisini na tatu! Hapo ndipo ilipo faida ya mwenye kampuni, hata kabla filimbi haijapigwa: katika kila mia inayowekwa, takriban nane na nusu ni zake.

Kijana wetu akiweka mara sita kwa siku kwa siku mia, atakuwa amezungusha shilingi 60,000. Nane na nusu katika mia ya hizo ni 5,100. Yaani kwa wastani mtaji mzima umekwenda, na nidhamu yake yote imemsaidia kuupoteza polepole. Na jakipoti ya mechi 17 je? Kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo mikeka tofauti inayowezekana ni 129,140,163.

Wako pia wauzao "mechi za uhakika" kwa ujumbe wa simu. Ujanja wao waweza kuwa mwepesi kabisa. Watu 2,700 hugawanywa mafungu matatu, kila fungu likatumiwa jibu lake. Waliopata, 900, hugawanywa tena, kisha 300. Mwishowe wako watu 100 walioona bashiri tatu mfululizo zikitimia, nao watalipa bei yoyote.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba maysir ina manufaa kwa watu. Ilisema dhambi yake ni kubwa zaidi. Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zama zile walikamaria nyama ya ngamia, na washindi wakawapa maskini. Nasi tumeyaona manufaa ya namna hiyo: SportPesa ilifadhili Gor Mahia na AFC Leopards, hata mzozo wa leseni na kodi wa mwaka 2019 ulipoukatiza ufadhili huo. Jezi zilipendeza. Zilitokana na zile nane na nusu.

Kijana alijumlisha kurasa zake palepale, mara mbili. Zilikuwa zimebaki shilingi 640. Akalifunga daftari taratibu, akalitia ndani ya koti, akaniaga. Kulikuwa na mechi saa moja.