Mabua na Maganda Katika Shimo la Gesi

Leo tunazungumza na yule mwenye ng'ombe mmoja au wawili na shimo la biogesi, ambaye moto wake huzimika maharage hayajaiva. Samadi haitoshi. Basi anayatazama mabua shambani, anaanza kuyatupia shimoni. Hapo, ndugu yangu, ngoja kwanza.

Gesi hii hutokana na vijidudu vinavyoozesha vitu pasipo hewa. Vijidudu hivyo vimo katika samadi ya ng'ombe, ndiyo maana shimo huanzishwa kwa samadi: ndoo moja ya samadi kwa ndoo moja ya maji, mpaka iwe uji. Bua kavu la mahindi ni gumu kwao, na wala halizami. Huelea, likashikamana na mengine yakawa utando mgumu, na gesi ikakwama chini yake. Mabua mpe ng'ombe ale kwanza. Tumbo lake ni kinu bora kuliko panga lako.

Si kwamba mimea haina gesi. Huko Hale, mkoani Tanga, katika miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kutoa umeme kwa mabaki ya mkonge. Lakini ule ni mtambo wa matangi na mashine. Wewe una shimo na mti wa kukorogea.

Kwa hiyo tia vitu laini: maganda ya ndizi, majani mabichi, mabaki ya mboga. Katakata vipande vya upana wa vidole viwili, changanya na samadi, acha vilainike siku chache, ndipo umimine. Samadi izidi majani. Na usifanye pupa! Maganda mengi kwa siku moja hulichachusha shimo kama togwa, na moto hufifia. Likichachuka, acha kulilisha siku kadhaa, kisha rudi kwa samadi tupu, kidogo kidogo.

Na utando ukiganda je? Usishuke shimoni kuuvunja, hata kama umelifungua tangu asubuhi. Hewa ya mle huua mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa naye hufia humo humo. Koroga ukiwa juu, kwa mti mrefu. Wala usijaribu gesi kwa kiberiti mdomoni mwa shimo. Ijaribie jikoni, kwenye jiko lake, madirisha yakiwa wazi.