Kabla ya Kuchangia Kifaa cha Kuzamia Mtandaoni, Uliza Maswali Haya

Mchango si jambo geni kwa Wakenya. Harambee zimejenga madarasa, zimelipa karo na kugharamia bili za hospitali. Hata hivyo, harambee ya mtaani huwa na mwekahazina anayejulikana anakoishi. Mchango wa mtandaoni wa kutengeneza kifaa kipya, kwa mfano roboti ya chini ya maji au kifaa cha kupumulia, ni tofauti. Mchangiaji hutuma pesa leo kwa ahadi ya kupokea kifaa miezi kadhaa baadaye, na mara nyingi kifaa chenyewe bado hakijakamilika.

Ahadi za aina hii huwavutia wakazi wa pwani, hasa wanaozamia pweza, kamba na majongoo bahari. Ahadi ikiwa ya uongo, hasara haiishii mfukoni. Anayeamini kifaa kisichofanya kazi anaweza kupoteza maisha akiwa majini.

Funzo la mradi wa Triton

Mwezi Machi 2016, mradi ulioitwa Triton ulianza kuchangisha pesa kupitia jukwaa la Indiegogo la Marekani. Waanzilishi walisema kifaa kidogo cha kuuma mdomoni kingemwezesha mtu kupumua chini ya maji kwa dakika 45, katika kina cha futi 15, bila mtungi wa hewa mgongoni. Walidai kingechuja oksijeni kutoka kwa maji, kama yafanyavyo matamvua ya samaki.

Hesabu rahisi inaonyesha tatizo. Mtu anayeogelea hutumia karibu lita moja ya oksijeni kila dakika, yaani takriban gramu 1.3. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto kama ya pwani ya Kenya huwa na miligramu 6 hadi 7 tu za oksijeni. Kwa hivyo, hata kama kifaa kingenasa oksijeni yote, kingelazimika kupitisha takriban lita 200 za maji kila dakika. Hiyo ni mitungi kumi ya lita 20, kwa pumzi za dakika moja.

Baada ya wanasayansi na wapiga mbizi kuhoji madai hayo, waanzilishi waliwarudishia wachangiaji karibu dola 900,000. Kisha walianza mchango upya, wakieleza kwamba kifaa kingetumia pia oksijeni ya kimiminika. Maelezo hayo yalizua maswali zaidi. Oksijeni hugeuka kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Isitoshe, kupumua oksijeni tupu kwenye kina kinachozidi takriban mita 6 kunaweza kumletea mzamiaji degedege, naye akazama.

Si kila mradi ni ulaghai

Mwaka 2012, mradi wa OpenROV ulichangisha zaidi ya dola 100,000 kupitia Kickstarter ili kutengeneza roboti ndogo ya kuchunguza chini ya maji. Lengo lilikuwa dola 20,000. Waanzilishi walikuwa tayari wameunda kielelezo kinachofanya kazi, na michoro yao ilikuwa wazi kwa yeyote kuikagua. Wachangiaji walipata vifaa vyao. Roboti yao ya baadaye, Trident, ilichelewa kufika, lakini ilifika. Kuchelewa pekee si ushahidi wa wizi. Cha kuangaliwa ni iwapo mwenye mradi anaeleza sababu.

Maswali ya kuuliza

1. Je, kuna kielelezo halisi? Picha za kompyuta hazitoshi. Tafuta video ndefu isiyokatwakatwa inayoonyesha kifaa kikifanya kazi majini.

2. Je, hesabu inakubalika? Kina, muda na nguvu ya betri vitajwe kwa tarakimu. Mwombe mwalimu wa fizikia au mzamiaji mwenye cheti azipitie.

3. Ni nani aliyekijaribu? Kifaa cha kupumulia kinahitaji kupimwa na wataalamu wasiolipwa na mwenye mradi.

4. Wahusika ni akina nani? Kampuni iliyosajiliwa Kenya inaweza kutafutwa kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara kwenye eCitizen.

5. Pesa zinakwenda wapi? Tahadhari ukiombwa kutuma kwa namba ya simu ya mtu binafsi, au ukiharakishwa kwamba nafasi zinaisha leo.

Sheria inasemaje

Kanuni za mwaka 2022 zinataka majukwaa ya Kenya yanayochangisha pesa kwa uwekezaji, ambapo mchangiaji hupata hisa au hulipwa deni, yawe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Mkazi anayeahidiwa faida aulize kwanza CMA kama jukwaa lina leseni. Kanuni hizo ni za uwekezaji. Anayelipia kifaa ambacho hakijatengenezwa asidhani kwamba zinamlinda. Kickstarter yenyewe husema wazi kwamba si duka, na haitoi hakikisho kwamba kifaa kitafika.

Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) vinavyopelekewa mradi wa aina hii vinashauriwa kuujadili katika mkutano wa wanachama kabla ya kutoa pesa za kikundi. Aliyetapeliwa ahifadhi jumbe na namba za muamala, ajulishe kampuni ya simu au benki mara moja, kisha apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Na kifaa kipya cha kupumulia kikifika, kisijaribiwe baharini na mtu akiwa peke yake.