Kupiga msasa na kulainisha kwa mgandamizo

Msasa ni mti ambao majani yake yenye kukwaruza hutumika kusugulia mbao. Kupiga msasa, basi, ni kuondoa chembe. Katika kulainisha kwa mgandamizo, tufe au rola ngumu hukandamiza uso wa metali, vinundu vikashuka na kujaza vibonde, pasipo kuondolewa kitu. Uso huwa laini na mgumu pamoja: “laini” hapa ni kinyume cha “-enye kukwaruza”, si cha “-gumu”. Nguvu ikizidi, uso hubanduka. Hivyo wahandisi huiga kitendo hicho kwanza kwa kompyuta, wakiigawa metali katika vipande vidogo na kukokotoa mkazo wa kila kimoja. Mfasiri akiandika “kupiga msasa”, fundi atapunguza kipimo cha shafti bure.