"Mionzi" au "Mawimbi"? Tatizo la Istilahi na Hofu ya Intaneti Nyumbani

Miongoni mwa maswali yafikayo mezani petu, yapo yaonekanayo kuwa ya neno moja tu, kumbe yamebeba wasiwasi wa nyumba nzima. Mwalimu mmoja wa Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, alituuliza kuhusu sentensi iliyomo katika karatasi ya maelezo ya kifaa cha intaneti isiyotumia waya: "Kifaa hiki hutoa mionzi." Jirani yake alikuwa amekitundika kifaa hicho ukutani, karibu na kitanda cha mtoto. Aliposomewa sentensi hiyo alikizima na kukitoa chumbani. Mwalimu akataka kujua mambo mawili: je, tafsiri hii ni sahihi, na je, mtoto amedhurika?

Swali la pili ni la wataalamu wa afya na wa fizikia, nasi tutaeleza waliyokwisha kuyathibitisha. Swali la kwanza ni letu, na ndilo lililozaa la pili.

Kiasili, mwonzi ni mstari wa mwanga, kama ule upenyao tundu la paa asubuhi. Hakuna aliyeogopa mwonzi wa namna hiyo. Lakini baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895, na hospitali zetu kuanza kuzitumia, neno hili lilipewa kazi mpya. Tukapata "chumba cha mionzi" na "tiba ya mionzi". Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya kujikinga na mionzi, na mwaka 2003 nyingine iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mkoa wa Singida wenyewe umewahi kusikia mengi juu ya utafutaji wa urani wilayani Manyoni. Basi leo mtu wa Ulemo asikiapo "mionzi", haoni tundu la paa. Humkumbuka ndugu aliyepelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Sasa tutazame maumbile ya vitu vyenyewe. Mawimbi ya redio, joto, mwanga, eksirei na gama ni jamii moja, iitwayo mawimbi ya sumakuumeme. Yanayoyatofautisha ni masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kadiri masafa yanavyokuwa makubwa, ndivyo kila chembe ya nishati inavyokuwa na nguvu zaidi. Eksirei na gama zina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomi na kuigeuza kuwa ayoni. Tendo hilo huitwa kuayonisha, nalo laweza kuharibu chembechembe za urithi mwilini. Intaneti ya nyumbani hutumia hasa mitetemo bilioni 2.4 au bilioni 5 kwa sekunde. Mwanga wa kibatari una masafa makubwa kuliko hayo ya bilioni 2.4 kwa zaidi ya mara 100,000, na hata huo hauayonishi.

Yatupasa kuwa wakweli: mawimbi ya redio nayo yana athari. Yakiwa na nguvu nyingi hupasha joto. Ndivyo jiko la maikrowevu lipikavyo kwa wati mia kadhaa au hata 1,000. Kifaa cha intaneti cha nyumbani, kwa kawaida, hurusha takribani wati 0.1. Wati hizo zikisambaa pande zote sawasawa, anayeketi mita moja kutoka kifaa hupokea karibu wati 0.008 kwa mita ya mraba. Kikomo kilichopendekezwa kimataifa kwa raia, katika masafa hayo, ni wati 10 kwa mita ya mraba. Tena umbali ukiongezwa mara mbili, kiasi hicho hupungua hadi robo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hapakuwa na ushahidi wa kisayansi wenye kuridhisha kwamba mawimbi hafifu ya minara ya simu na ya mitandao isiyotumia waya hudhuru afya.

Hapa wasomaji wengine watatukumbusha tangazo la Mei 2011, ambapo Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B. Ni kweli, na hapo ndipo mfasiri hujikwaa kwa mara ya pili. Kundi la 1 ni la vitu visababishavyo saratani kwa binadamu. La 2A ni la vile ambavyo yaelekea husababisha. La 2B ni la vile ambavyo huenda vikasababisha, kwa kuwa ushahidi uliopo ni mdogo. Mfasiri aliyeandika "mawimbi ya redio husababisha saratani" ametoa kitu kundi la 2B na kukipeleka kundi la 1. Aliyeandika "imethibitishwa kuwa ni salama kabisa" naye ameongeza lisilosemwa. Neno "huenda" ni dogo, lakini haliruhusiwi kuanguka njiani.

Kwa hiyo tunashauri matumizi yafuatayo. *Mnururisho* litumike kwa maana pana ya kisayansi, yaani utoaji na uenezaji wa nishati kutoka chanzo chochote. *Unururifu* ni tabia ya vitu kama urani kutoa mionzi vyenyewe. *Mionzi*, katika maandishi ya afya na ya umma, libaki kwa ile iayonishayo, kama eksirei na gama. Kwa simu, minara na intaneti, tuseme *mawimbi ya redio*, istilahi ambayo kila mwenye redio nyumbani anaielewa. Tena tutenganishe *athari*, ambayo ni badiliko lolote, na *madhara*, ambayo ni badiliko baya.

Yawezekana mtu akasema kwamba tunalipamba jambo ili kuwafurahisha wauzaji wa vifaa. Sivyo. Katika kitabu cha fizikia, mwalimu na aeleze wazi kwamba mawimbi ya redio nayo ni mnururisho. Tunalohofia ni kinyume chake. Afisa akiwatuliza wananchi kwa kusema "mionzi hii haina madhara", kesho mama mjamzito atalipita tangazo la hadhari mlangoni pa chumba cha eksirei akiamini kwamba mionzi ni ile ile ya ukutani kwake. Na mgonjwa aliyezoea kuiogopa mionzi ya ukutani aweza kuikataa tiba ambayo ingemponya. Neno moja likibeba vitu viwili, huwapotosha waoga na majasiri pia.

Mwalimu wa Ulemo tumemjibu hivi. Sentensi ile kisayansi haikuwa uongo, lakini kwa msomaji wake ilisema jingine. Ingefaa kuandikwa: "Kifaa hiki huwasiliana kwa mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo." Kuhusu mtoto, hakuna katika yajulikanayo lioneshalo kwamba amedhurika. Jirani akiona ni vyema, na akitundike kifaa mita mbili au tatu kutoka kitandani, au akizime usiku, hapotezi kitu. Lakini siku mtoto huyo atakapopigwa picha ya eksirei, maagizo ya mtaalamu wa mionzi yafuatwe neno kwa neno.

Walimu, wafasiri na maofisa wenye sentensi za namna hii katika majalada yao tunawaomba watuletee, pamoja na maneno ambayo wananchi wa kwao huyatumia. Kwa vifaa vyenyewe tumekwisha kusikia "ruta", "waifai" na "kisanduku cha intaneti". Tungependa kujua lipi limeota mizizi wapi.