Kiporo cha Wali na Pete ya Sumu

Kaplong, nchini Kenya, pale barabara ya Bomet inapokutana na ya Kericho na Sotik, wali ni chakula cha haraka cha msafiri na cha mchuma chai. Ukibaki jioni, wengi huuacha sufuriani na kuupasha moto asubuhi, kwa imani kwamba moto huua kila kitu. Imani hiyo ni ya hatari.

Mchele mara nyingi huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus. Spora zake huhimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, spora hizo huchipua. Bakteria akiongezeka anaweza kutengeneza sumu iitwayo sereulidi. Kesho yake moto utamuua bakteria, lakini sumu itabaki: imewahi kuhimili nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 90.

Nguvu yake imo katika umbo. Ni mnyororo wa viungo 12, nusu yake asidi za amino, uliofungwa ncha kwa ncha ukawa pete. Vimeng'enya vya tumbo havipati pa kuanzia kuukata. Oksijeni zilizoelekea ndani huikumbatia ioni ya potasiamu, huku upande wa nje ukibaki wa mafuta. Sodiamu ni ndogo mno, haishikwi vizuri. Amoniamu, ileile iliyo katika mbolea ya chai, inakaribia potasiamu kwa ukubwa, nayo hushikwa. Wanamaabara hutumia tabia hiyo kuitambua sumu: molekuli yenye uzito wa takriban 1,153 hufika 1,171 ikibeba amoniamu.

Kwa kuwa nje ni ya mafuta, pete hupenya utando wa mitokondria na kuingiza potasiamu bila kizuizi. Chaji ya umeme inayoendesha utengenezaji wa nishati huporomoka, na ini ndilo huumia zaidi. Mwaka 2008 mwanafunzi wa miaka 20 alifariki Ubelgiji baada ya kula tambi zenye sumu hii, zilizokaa siku tano nje ya friji.

La ajabu, valinomisini, ndugu wa sumu hii aliyegunduliwa mwaka 1955, huokoa maisha. Hupendelea potasiamu kuliko sodiamu kwa takriban mara 10,000, ndiyo maana huwekwa katika vipimo vya potasiamu ya damu hospitalini.

Wali uliobaki utandazwe upoe haraka, kisha uingie friji. Asiye na friji apike wa mlo mmoja tu. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Mgonjwa akilegea, akisinzia au macho yakigeuka manjano, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe kwamba alikula kiporo.